Maumivu ya Kinena na Dawa ya Subira

Maji yanapokupwa Bagamoyo, vijana huteremka pwani alasiri kucheza mpira mchangani. Miongoni mwao huwapo mmoja achechemeaye, mkono kaushika upande wa ndani wa paja. Msuli uvutao paja kwa ndani umeumia pale unaposhikamana na mfupa wa kinena, kwa kupiga mashuti na kugeuka ghafula. Hupumzika mwezi mzima, akajiona amepona. Akirudi uwanjani, maumivu nayo hurudi.

Sababu ni nini, ndugu msomaji? Mapumziko hutuliza maumivu, lakini hayautii msuli nguvu. Daktari Per Hölmich na wenzake wa Denmark walilipima jambo hili, wakatangaza matokeo mwaka 1999. Waliwagawa wanamichezo 68, wenye maumivu ya siku nyingi, mafungu mawili sawasawa. Fungu moja lilifanya mazoezi ya kutia nguvu. La pili lilikandwa, likanyooshwa misuli, na kutibiwa kwa leza na umeme. Katika fungu la mazoezi, watu 23 walirudi mchezoni kama zamani bila maumivu. Katika la pili walirudi 4 tu.

Mazoezi yenyewe huanza bila mtambo wowote. Mgonjwa hulala chali, akaweka mpira kati ya nyayo zake na kuubana kwa sekunde 30, mara 10. Kisha huuweka kati ya magoti, akafanya vivyo hivyo. Baada ya majuma mawili huongezewa mazoezi mazito zaidi ya mapaja, tumbo na kiuno. Mbio za polepole huruhusiwa baada ya majuma 6, iwapo hazimuumizi. Waliopona katika fungu lile walirejea mchezoni baada ya majuma kama 18. Basi mwenye haraka asijidanganye.

Lakini si kila maumivu ya kinena hutokana na msuli. Sisi wa pwani twaijua ngiri, twaujua na mtoki. Mwenye uvimbe, homa, au maumivu ya ghafula ya korodani asianze mazoezi. Aende hospitali mara moja.

Nanyi wazazi, mkimwona kijana wenu amelala na mpira magotini, msimdhanie mvivu. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, naye yumo katika kuitunza.