Mchoraji Aliyeifundisha Mashine Kuchora

Harold Cohen alizaliwa London mwaka 1928, akawa mchoraji mashuhuri. Mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa waliyoiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya sanaa ya Venice. Miaka miwili baadaye alihamia California, Marekani, akajifunza kompyuta. Huko ndiko alikoiunda AARON, programu ya kuchora aliyoendelea kuilea hadi alipofariki mwaka 2016.

Programu hiyo haikuwa na macho. Kila ilichokijua ilifundishwa na Cohen, kanuni baada ya kanuni: mstari uanzie wapi, umbo lifungwe vipi, jani lishikane vipi na tawi. Mashine ilichora mistari, naye akapaka rangi kwa mkono. Katika miaka ya 1990 ikafundishwa kupaka rangi pia. Mtu angedhani kazi ya mwalimu imekwisha. Lakini katika uzee wake Cohen alirudi kutia rangi mwenyewe juu ya michoro ya mashine.

Wazazi wenzangu, hapa pana funzo. Leo mtoto huiagiza simu picha, ikaja kwa sekunde chache. Kutumia chombo si kosa. Ila Cohen aliweza kuifundisha mashine kwa kuwa yeye alitangulia kujifunza, na aliweza kuirekebisha kwa kuwa jicho lake lilikwisha kuzoea kazi. Basi tusiharakie kumwondolea mtoto penseli. Asiyewahi kuchora mstari kwa mkono wake, atajuaje pale mashine ilipokosea?