Jumba la Sinema la Vuga, Unguja

Leo tutawaeleza habari za jumba mashuhuri la sinema lililoko Vuga, mjini Unguja.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1921, likaitwa Royal. Ramani yake ilichorwa na Bwana J. H. Sinclair, yeye yule aliyechora ramani ya Beit el Amani. Zama zile picha zilikuwa bubu: watu walionekana wakinena, lakini sauti zao hazikusikika. Baadaye jina lilibadilishwa, likawa Majestic.

Mwaka 1954 moto uliliteketeza. Wenyewe hawakukata tamaa. Mwaka 1955 likasimama jumba jipya, lenye mistari iliyonyoka kwa mtindo wa wakati huo. Picha za Kihindi zilipendwa mno, kwani hata asiyejua lugha ile aliweza kufuata kisa kwa nyimbo na nyuso za wachezaji.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 majumba ya sinema yalitwaliwa na Serikali. Kisha ikaja televisheni, na baadaye video, watu wakatazama picha nyumbani mwao. Fedha za kiingilio zikapungua, matengenezo yakakawia, hata paa la ukumbi likaanguka.

Sababu yake si ngeni kwenu. Tembe lisilotiwa udongo paani halistahimili mvua, hata kama lilijengwa na fundi hodari. Jumba la mawe nalo ni vivyo hivyo: moto haukulimaliza, bali kutotunzwa kulilibomoa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.