Mlima Usio na Geti

Ukiwaambia watu wa Bariadi kwamba umelipia kozi ya kujifunza kutembea, jiandae kuchekwa. Mtu aliyekulia kule ametembea tangu utotoni: shuleni, kisimani, mnadani, shambani na kurudi. Leo eti yuko Ulaya, anatoa fedha afundishwe kuinua mguu! Swali lao ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye geti la Kilimanjaro.

Anayepanda Kilimanjaro anapita getini. Iwe Marangu, iwe Machame, ataandikishwa, atalipa ada ya hifadhi, na ataongozana na mwongozaji mwenye leseni. Wagumu, kama wapagazi wa kule wanavyojiita, wanabeba mahema na chakula. Mwongozaji ndiye anayeamua waondoke saa ngapi na nani ashushwe. Kazi ya mgeni ni kunywa maji na kwenda pole pole. Anaweza kufika Uhuru, mita 5,895, akashuka salama bila kufanya uamuzi hata mmoja mzito.

Uskoti hakuna geti. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote milimani, mradi awe na adabu kwa mali ya watu. Unaegesha gari, unafunga kamba za buti, unaondoka. Hata dhoruba ikitangazwa, hakuna askari wa kukuzuia. Ukikwama, watakaokutafuta ni timu za watu wa kujitolea wanaoacha kazi na vitanda vyao, na hawakutozi hata senti. Kazi zote ambazo Kilimanjaro zinafanywa na geti pamoja na mwongozaji, huku unazifanya mwenyewe. Ndiyo maana kuna kozi ya kutembea milimani wakati wa theluji.

Mafunzo yenyewe yalianza zamani. Kituo cha Glenmore Lodge, chini ya milima ya Cairngorm, kilianza mwaka 1948, na bodi ya mafunzo ya viongozi wa milimani ikaundwa mwaka 1964. Lakini wazee wa milimani wakieleza kwa nini mambo haya hayachezewi, wanakutajia Novemba 1971.

Mwishoni mwa wiki moja ya mwezi huo, wanafunzi wa sekondari kutoka Edinburgh walipelekwa kuvuka uwanda wa juu wa Cairngorm. Waligawanywa makundi mawili. Lile la wenye uwezo zaidi lilipona. La pili, likiwa na kiongozi mwanachuo na msaidizi wa miaka 18, lilikuwa likielekea kwenye kibanda kidogo kilichoitwa Curran, dhoruba ya theluji ikalinasa kabla ya kukifikia. Wakalala nje usiku wa kwanza, wakalala nje na wa pili. Helikopta ilipomwona yule kiongozi, alikuwa anatambaa kwa mikono na magoti akitafuta msaada. Wanafunzi watano na yule msaidizi walikufa. Walionusurika katika kundi hilo ni kiongozi na mvulana mmoja.

Uchunguzi ulifanyika mwaka uliofuata, na sifa za mtu anayewapeleka watoto milimani zikaanza kuangaliwa kwa jicho kali. Kilichonigusa mimi zaidi ni mabishano kuhusu kibanda. Ungedhani wangejenga vingine. Badala yake, mwaka 1975 Curran kikabomolewa. Hoja ilikuwa kwamba kibanda kilichoko juu kinamvuta mtu aendelee mbele wakati alipaswa kugeuka, na theluji ikikifunika hata ukisimama hatua chache kutoka hapo hukioni. Kuna waliopinga, na nawaelewa, lakini nikisoma habari ile naona walioshinda walikuwa na haki.

Na mlima wenyewe wala si mrefu. Kilele cha Cairn Gorm kina mita 1,245 tu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji ya mto Simiyu yanateremka kutoka kwetu kwenda huko, kwa hiyo mkulima wa Bariadi anapalilia pamba kwenye kimo kisichopishana sana na kilele hicho. Kinachoua huku ni upepo na giza. Machi 1986 kipimo cha kileleni kilisoma upepo wa kilomita 278 kwa saa. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limezama. Kwa hiyo somo la kwanza ni hesabu. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: kwa vipimo vya sasa, saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mita 900 za kupanda ni saa tatu na nusu, bila kupumzika, bila theluji. Theluji ikifika magotini, hiyo hesabu izidishe, halafu angalia kama mchana bado unakutosha.

Sasa pamba. Mkoa wetu wa Simiyu ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha za msimu, na marobota yakitoka jineri tunajua mwaka huu kutakuwa na harusi. Kisha unapokea orodha ya mavazi ya kozi, na juu kabisa wameandika: usivae pamba. Jinzi hapana, fulana ya pamba hapana, hata soksi. Nilikasirika kidogo, nakiri, kama vile wametukana kwetu.

Lakini sababu ni ya kweli. Nguo haikupi joto. Inashika hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lako lisitoroke. Uzi wa pamba unapenda maji. Ukipanda kilima ukatoka jasho, uzi unalinywa lote, hewa inakosa nafasi, na maji yanapitisha joto kuliko hewa kwa zaidi ya mara 20. Kwenye jua la Maswa au Meatu hiyo ni neema, fulana mbichi inakupoza. Kwenye upepo wa Cairngorm unajikuta umevaa kitambaa cha baridi. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake na bado ikakutunzia joto. Kwa hiyo wakufunzi wanasisitiza uanze safari ukihisi ubaridi, maana anayeanza akiwa na joto zuri atalowa jasho kabla ya nusu saa.

Hapo ndipo unafundishwa kumtazama mwenzako. Mwili ukianza kushindwa na baridi, mtu anajikwaa pasipo na jiwe, vidole vinashindwa kufunga zipu, ulimi unakuwa mzito, anakasirika bure. Yeye mwenyewe atakuambia yuko sawa. Usimwamini.

Shoka la barafu ndilo linalopigwa picha, na mazoezi yake yanafurahisha kweli. Mnatafuta mteremko wenye theluji, chini yake pakiwa pasafi bila mawe, unajiachia makusudi. Unapoteleza unajigeuza kifudifudi, kichwa cha shoka kikiwa chini ya bega, uzito wote wa kifua unaukandamiza juu yake mpaka ncha ichimbe. Ila mkufunzi hatachoka kurudia kwamba shoka ni la mwisho. La kwanza ni kutoanguka. Asubuhi nzima inaweza kuishia kwenye miguu: kupiga ncha ya buti mpaka theluji itoe kidaraja, kisha kutembea na kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, miguu ikiwa imetanuka ili meno yasinase suruali.

Msiniambie kwamba haya ni mambo ya wazungu. James Kagambi, Mkenya aliyekuwa mwalimu wa shule, amefundisha watu kuishi kwenye theluji kwa miaka mingi kupitia shule ya NOLS ya Marekani, na mwaka 2022 alifika kilele cha Everest akiwa na miaka 62. Mtanzania Wilfred Moshi alikuwa amefika pale miaka 10 kabla yake.

Mnaotaka kujaribu, nendeni kati ya Januari na Machi. Ulizeni kama mkufunzi ana cheti cha Winter Mountain Leader. Cha kiangazi hakitoshi. Buti ngumu, shoka na kramponi kodini, msinunue kwanza. Kila asubuhi someni ripoti ya maporomoko ya theluji, na muwe macho na miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, maana huko ndiko mengi yanakoanzia. Na bebeni tochi ya kichwani yenye betri mpya, hata kama mnatarajia kurudi saa nane mchana.