Bajeti ya VVU Huamuliwa Februari

Mapema mwaka 2021 shehena ya dawa za kupunguza makali ya VVU, msaada kutoka Marekani, ilikwama katika bandari ya Mombasa. Serikali ya Kenya ilidai kodi. Wamarekani nao hawakutaka dawa hizo zipitie mikononi mwa KEMSA, mamlaka ya kusambaza dawa za umma. Wagonjwa waliozoea kubeba dawa za miezi 3 wakaanza kupewa za mwezi mmoja, kwingine za wiki chache tu. Watu wanaoishi na VVU wakaingia barabarani.

Walikuwa na haki. Lakini nani alipe kodi ya dawa za msaada, na nani azisambaze, ni mambo ya kuamuliwa kwenye meza ya mipango kabla meli haijang'oa nanga.

Tatizo ni kwamba meza wanayoijua zaidi wanaharakati wetu ni ya wafadhili. Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria, ulioanza mwaka 2002, huzitaka nchi ziwe na chombo cha uratibu ambamo wanaoishi na maradhi haya wanawakilishwa, na hupendekeza asasi za kiraia zisipungue asilimia 40 ya wajumbe. PEPFAR, mpango wa Marekani dhidi ya Ukimwi wa tangu 2003, nao uliwafungulia mlango wa vikao vya kupanga fedha za kila mwaka. Wakajifunza fomu, lugha na kalenda za huko, na wakapata mengi. Kalenda ya Hazina ya Taifa haijafuatwa kwa bidii hiyo hiyo.

Na kalenda hiyo haimsubiri mtu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka Taarifa ya Sera ya Bajeti ifike Bungeni kufikia Februari 15, na ya kaunti ifike bunge la kaunti kufikia mwisho wa mwezi huo. Humo ndimo kila idara huwekewa kikomo cha fedha. Mwananchi anayesimama katika kikao cha bajeti mwezi Mei kuomba vitendanishi vya kupima wingi wa virusi anaomba fedha ambazo tayari zina mwenyewe.

Hasara ya kutoifuata kalenda hiyo ilionekana Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada kwa siku 90. Chukua mhudumu rika wa kliniki: mtu anayeishi na VVU mwenyewe, ambaye asubuhi hupitia daftari la miadi, akaona nani hakuja jana, akampigia simu, na asipopatikana akapanda bodaboda kumfuata nyumbani. Ndiye anayejua kwamba yule mama amehama kumkimbia mume, na kwamba yule kijana ameacha dawa kwa sababu hana chakula cha kumezea. Daktari hayajui hayo. Wahudumu wengi wa aina hii walikuwa wakilipwa na miradi ya wafadhili. Miradi iliposimama walirudishwa nyumbani, na kaunti hazikuwa na kifungu cha kuwarejesha, maana katika vitabu vyake hawakuwahi kuwemo.

Kumwingiza mtu huyo kwenye vitabu kunataka ushahidi, nao upo kliniki. Wagonjwa wenyewe waulizwe: ulipewa dawa za siku ngapi? Majibu ya kipimo cha wingi wa virusi yalichukua muda gani? Ulipokosa miadi, nani alikutafuta? Majibu ya vituo 10 vya kaunti moja, yakiwekwa mbele ya kamati ya afya ya bunge la kaunti pamoja na gharama ya kila mhudumu kwa mwezi, ni hoja ambayo mwakilishi wadi hawezi kuipita kirahisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Mlango wa kuipeleka hoja hiyo upo kisheria.

Kabla ya Februari huja Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kufikia Septemba 1. Humo ndimo kazi ya mhudumu rika inapaswa kuandikwa kwanza, kwa cheo chake, malipo yake na nauli yake ya bodaboda.