Kutu Haifichwi kwa Rangi
Magari yapandayo Rombo hadi Tarakea, mpakani na Kenya, hurushiwa kokoto na vumbi la njia za vijijini, na bampa la mbele ndilo hupokea kishindo hicho. Kwa ndugu zetu wa Visiwani, adui ni chumvi ya bahari. Penye mchubuko, hewa na maji hukifikia chuma. Kutu huanza, kisha hutambaa chini ya rangi iliyo nzima.

Ndiyo maana inasikitisha gari la umma linapopakwa rangi juu ya kutu ili ling'are siku ya kukabidhiwa. Rangi hiyo hubabuka upesi, na fedha za wananchi hutumika mara ya pili kwa kazi ile ile.

Dawa yake inajulikana. Bampa la chuma lisuguliwe kwa msasa mpaka kutu yote iishe, lipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu ifuate. Bampa la plastiki halishiki kutu, lakini nalo lina rangi yake ya msingi. Bila hiyo, rangi hubanduka.

Tunawashauri wakuu wa idara wakague kazi kabla rangi ya juu haijapakwa, na malipo yafuate ukaguzi huo.