Zege Ndani ya Bomba la Chuma

Mwanzi ukikanyagwa huko Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, hubonyea kati ya vifundo, si penye kifundo. Nguzo ya bomba la chuma nayo ikilemewa, ukuta wake mwembamba hujikunja. Zege likijazwa ndani huuzuia kubonyea kuelekea ndani. Chuma nacho hulibana zege lisipasuke na kutawanyika. Dhidi ya kupinda, faida ni ndogo. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 na urefu wa mita 3 huongezewa takriban kilo 57, na msingi hauna budi kuzibeba. Moto ukizuka, zege hufyonza joto. Lakini maji yaliyomo hugeuka mvuke, na bomba lisilotobolewa matundu laweza kupasuka.