Dachesi aliyempa mbwa jina la askofu

Mbwa alivishwa vazi la kiaskofu na kuitwa Gardiner. Waliomwona hawakuhitaji kuelezwa anayesemwa: Stephen Gardiner, Askofu wa Winchester, mpinzani mkubwa wa mageuzi ya kanisa Uingereza. Mwenye mbwa alikuwa Katherine Willoughby, Dachesi wa Suffolk, mwanamke asiyejua kuuma maneno.

Ujasiri huo hakuupata kwa kudekezwa. Alizaliwa mwaka 1519, binti wa bwana tajiri na mama Mhispania, Mkatoliki wa kufa na kupona. Baba alipofariki, haki ya kumlea yatima huyu na kusimamia mali yake iliuzwa, nayo ikanunuliwa na Charles Brandon, Duke wa Suffolk, aliyekusudia kumwoza mwanawe. Mwaka 1533 Brandon akafiwa na mkewe. Haikupita hata miezi minne, akamwoa binti huyo yeye mwenyewe. Bibi harusi ana miaka 14, bwana harusi anakaribia 50.

Brandon alifariki mwaka 1545. Mwaka 1551 ugonjwa wa jasho ukawachukua wana wote wawili wa Katherine siku moja. Ndipo Katherine akaolewa na Richard Bertie, mtumishi wa nyumbani mwake. Watu wa tabaka lake walinong'ona sana. Safari hii alichagua mwenyewe.

Malkia Mary, Mkatoliki, alipotwaa kiti, Gardiner akatoka gerezani na kuwa Chansela. Mzaha wa mbwa sasa ulikuwa na bei. Bertie alitangulia ng'ambo kwa kisingizio cha kudai madeni. Alfajiri ya Januari 1, 1555, Katherine akatoroka London na binti yake mchanga na watumishi wachache. Mwandishi John Foxe anasimulia kwamba mlinzi wa nyumba alisikia vishindo, akawafuata na mwenge. Wakamwachia langoni mzigo wenye nguo za mtoto na chombo cha maziwa. Alipokuwa akiupekua, wao walishatokomea.

Walipita Wesel, Ujerumani, ambako alijifungua Peregrine, kisha Mfalme Sigismund August wa Poland akawapa makao Kražiai, Lithuania. Walirudi mwaka 1559, Elizabeth akiwa malkia, huku Katherine akimkaripia William Cecil, waziri wa Malkia, kwa kuburuta miguu katika mageuzi.

Foxe anatupa shujaa wa imani. Mimi navutiwa zaidi na barua zake za gharama. Mwaka 1549 alikabidhiwa mtoto yatima wa Catherine Parr, rafiki yake, naye akamlalamikia Cecil kwamba yaya na vijakazi wanadai mishahara. Mwaka 1567 Elizabeth alimpelekea Mary Grey, mjukuu wa Brandon aliyeadhibiwa kwa kuolewa kwa siri. Katherine akaandika tena kwa Cecil, akieleza vyombo alivyokuja navyo mgeni: godoro la manyoya lenye viraka tele, mfarishi wa hariri uliochanika hadi pamba inatoka, na mito miwili mikuukuu, mmoja mrefu kuliko mwenzake.